Tunamtaka Daktari Asiyetumwa na Polisi

Alijigonga kichwa ukutani. Hivyo ndivyo wananchi walivyoambiwa na wakuu wa polisi mwezi wa Juni 2025, baada ya mwalimu kijana, Albert Ojwang, kufa akiwa mikononi mwao. Alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay tarehe 7 Juni kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni kuhusu afisa mmoja wa ngazi za juu, akasafirishwa hadi Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi, na siku ya pili alikuwa maiti. Aliyeua, tuliambiwa, ni ukuta. Ukuta hauna cheo, haupokei amri kutoka juu, wala hauwezi kushtakiwa.

Kisha wakaja madaktari. Tarehe 10 Juni wanapatholojia watano, wakiongozwa na Dkt. Bernard Midia ambaye ni mtumishi wa Serikali, waliupasua mwili huo na kueleza mbele ya waandishi wa habari mambo waliyoyaona: majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo, na michubuko iliyotapakaa mwilini. Mtu aliyejigonga ukutani huwa na alama za namna yake, na alama walizoziona hazikulingana na hadithi hiyo. Kesi ya mauaji ilifunguliwa baadaye dhidi ya maafisa wa polisi na watu wengine, na kwa kuwa sisi ni watu wa sheria hatutaihukumu hapa kabla ya jaji. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo halingojei hukumu. Hadithi ya ukuta iliishi siku mbili tu, na hakuna mwanasiasa, wakili wala mwandishi aliyeimaliza. Iliyoimaliza ni taarifa ya daktari.

Wasomaji wetu wenye umri watakumbuka kwamba ukuta huu si mgeni Afrika. Mnamo Septemba 1977, polisi wa Makaburu walieleza kwamba Steve Biko, aliyekuwa kizuizini Port Elizabeth, aligonga kichwa ukutani katika purukushani na makachero. Na kabla ya ukuta, hapa kwetu, palikuwa na maji. Tarehe 3 Machi 1959 wazalendo 11 walipigwa marungu hadi kufa katika kambi ya Hola, kando ya mto Tana, kwa kukataa kazi ya shokoa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya mkoloni ilitangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Maiti zilipochunguzwa zilionekana kuwa na majeraha ya kipigo, uongo ukaporomoka, na Bunge la Uingereza likalazimika kuijadili aibu hiyo hadi usiku wa manane. Kutoka maji ya Hola hadi ukuta wa Nairobi ni miaka 66. Bendera imebadilika, katiba zimebadilika, chama kimoja kimekuwa vyama vingi, lakini namna ya kudanganya imebaki ile ile, na dawa yake pia imebaki ile ile: daktari mmoja aliye tayari kuandika alichokiona.

Ndiyo maana tumeamua kuzungumza juu ya madaktari katika ukurasa huu ambao kwa kawaida huzungumza juu ya katiba na kura. Nchi inaweza kuandika katika sheria zake kwamba mateso ni haramu, na nchi yetu imeandika hivyo mara nyingi. Hata ile katiba ya zamani, katika kifungu cha 74, ilikataza mateso, nayo ilikuwa ikitumika siku zote ambazo watu walikuwa wakiteswa. Maandishi hayo hayana nguvu mpaka apatikane mtu wa kumchunguza aliyeteswa, kumtibu, na kutoa ushahidi, na mtu huyo awe hamtegemei mtesaji kwa kalamu, kwa fomu, wala kwa mshahara.

Maiti ina shahidi wake. Wengi walioteswa katika nchi hii, hata hivyo, hawakufa. Walitoka wakiwa hai, na huo ukawa mwanzo wa taabu nyingine.

Hebu tukumbuke Nyayo House. Ni jumba la orofa 27 katikati ya jiji, ambamo maelfu ya raia waliingia mchana kuomba pasipoti bila kujua kilichokuwa chini ya miguu yao. Wakati wa msako wa Mwakenya, kuanzia 1986, washukiwa waliwekwa katika vyumba vya chini ya ardhi, wakavuliwa nguo, wakanyimwa chakula, na vyumba vikajazwa maji ili wasiweze kulala wala kuketi. Wakafunikwa macho, wakapandishwa kwa lifti hadi orofa za juu kuhojiwa na kupigwa. Wengi waliookoka wamesimulia kwamba walipelekwa mahakamani jioni, baada ya saa za kazi, bila wakili, wakakiri makosa mbele ya hakimu na kufungwa papo hapo. Hakimu aliyeona mshtakiwa anashindwa kusimama wima alikuwa na uwezo wa kuagiza daktari aitwe. Amri ya maneno mawili ingetosha. Sisi mawakili tunapenda kulalamika juu ya sheria mbaya za zama zile, ila kosa hili halikuhitaji sheria mpya.

Alijitokeza wakili mmoja, Gibson Kamau Kuria, aliyethubutu kuwasilisha madai ya watu walioteswa. Mnamo Februari 1987 alikamatwa yeye mwenyewe akatiwa kizuizini hadi Desemba. Ujumbe kwa mawakili wengine ulieleweka. Ulieleweka pia, bila shaka, kwa kila daktari ambaye angeombwa kumvua shati mteja wa wakili wa namna hiyo na kuandika alama zilizo mgongoni.

Basi kwa miaka mingi waathiriwa wa Nyayo House waliishi na miili yao bila cheti. Februari 2003, serikali mpya ya NARC ilipofungua milango ya vile vyumba, wananchi waliteremka ngazi na kuona kwa macho yao. Mwezi wa Julai 2010, Mahakama Kuu iliwapa fidia walalamishi 21 katika kesi ya Harun Thungu Wakaba na wenzake, kati ya shilingi milioni 1 na milioni 3 kila mmoja. Tuliishangilia hukumu ile, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini hesabu miaka, msomaji. Kijana aliyekamatwa akiwa na miaka 28 alikuwa mzee mwenye mvi aliposomewa hukumu, na katika muda huo wote nani aliyemuuliza anavyolala? Shilingi milioni moja haimtoi mtu ndani ya maji anayoyaota kila usiku.

Swali hilo la kulala lilianza kuulizwa kitaalamu mbali na hapa. Amnesty International ilianzisha kampeni yake ya kukomesha mateso mwaka 1972, na mwaka 1974 madaktari wanne wa Denmark, akiwemo Inge Genefke, waliunda kundi la kwanza la madaktari ndani ya shirika hilo. Walianza na jambo dogo: kuwachunguza wakimbizi walioteswa, ili wajue mateso huacha nini mwilini miezi na miaka baada ya kipigo. Wakati huo vitabu vya tiba havikuwa na habari hizo. Kadiri walivyochunguza ndivyo walivyogundua kwamba haiwezekani kumpima mtu, kumshukuru, na kumwambia kwaheri. Wakapata nafasi ya kuwatibu katika hospitali kuu ya Copenhagen, na mwaka 1982 wakaanzisha kituo maalumu cha tiba na utafiti kwa waathiriwa wa mateso. Kutokana na kituo hicho likaja baraza la kimataifa la IRCT ambalo leo linaunganisha vituo vya namna hiyo ulimwenguni kote. Ilikuwa pia juhudi ya Denmark iliyofanya Umoja wa Mataifa, mwaka 1997, kuitenga tarehe 26 Juni kuwa siku ya kuwaunga mkono waathiriwa wa mateso, nayo ni siku ambayo Mkataba wa kupinga mateso ulianza kutumika mwaka 1987. Kenya iliridhia mkataba huo Februari 1997, wakati Rais Moi akiwa bado Ikulu.

Waliyoyajifunza madaktari hao yanastahili kujulikana na kila mwananchi, maana yanapindua mawazo tuliyozoea. Sisi hudhani kwamba mtu huteswa ili aseme. Genefke na wenzake walishikilia kwamba lengo kubwa ni kuuvunja utu wake, hasa utu wa yule mwenye nguvu: kiongozi wa wanafunzi, mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mwandishi, kasisi. Akiisha kuvunjwa hurudishwa kijijini au mtaani kwake ili kila amwonaye aogope. Kwa hiyo kumponya mtu mmoja ni kuinyang'anya dola silaha yake. Hapa ndipo tiba na siasa ya mageuzi zinapokutana, wala si kwa maneno matupu.

Tiba yenyewe haifanani na tiba ya zahanati ya kawaida. Aliyefungwa macho na kungojeshwa saa nyingi kabla ya kuhojiwa hawezi kuwekwa kwenye benchi la hospitali kuanzia alfajiri hadi alasiri bila kuambiwa lolote. Kungoja kwenyewe kunamrudisha selini. Aliyeteswa kwa umeme hutetemeka akiona nyaya za mashine ya kupimia moyo. Kiti cha daktari wa meno, taa kali ya usoni, sindano, kuamrishwa avue nguo, maswali ya haraka haraka yanayoulizwa na mtu aliyevaa sare: vyote hivi vyaweza kuwa mateso mapya mikononi mwa muuguzi mwema. Daktari hueleza kila hatua kabla ya kuifanya na huomba ruhusa. Mtaalamu wa viungo huishughulikia miguu ya yule aliyepigwa nyayo, kwa kuwa kipigo cha namna hiyo huweza kumwachia maumivu ya kutembea kwa miaka mingi hata kama ngozi haina kovu. Tena haitibiwi nafsi ya mtu mmoja peke yake. Mke ambaye hajui kwa nini mumewe anamkaripia akiguswa usingizini, mtoto anayemwogopa baba aliyerudi akiwa mtu mwingine, nao ni wagonjwa.

Hapa lazima tukiri kosa letu. Mawakili ni watu wa ushahidi, na ushahidi hutaka kurudiwa. Mteja hutusimulia mara ya kwanza ofisini, mara ya pili kwa ajili ya hati ya kiapo, mara ya tatu siku moja kabla ya kesi, mara ya nne kizimbani, kisha wakili wa upande wa pili humuuliza kwa dharau ni kwa nini hakumbuki kama ilikuwa Jumanne au Jumatano. Madaktari wametufundisha kwamba kusahau tarehe ni mojawapo ya alama za mateso, si alama ya uongo. Tungeyajua hayo mapema, tungewatetea watu wetu vizuri zaidi na kuwaumiza kidogo zaidi.

Hapa Kenya kazi hii ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika joto lile lile la kudai vyama vingi. Akina mama walikuwa wameketi Uhuru Park mwaka 1992 kudai wana wao waliofungwa, wakapigwa na polisi tarehe 3 Machi, na baadhi ya wana hao walipofunguliwa walitoka na miili iliyohitaji daktari asiyewaogopa wakubwa. Ndipo lilipozaliwa shirika la madaktari na mawakili linaloitwa IMLU, ambalo kazi yake imekuwa kuwachunguza walioteswa, kuwatibu, na kuwapa jamaa za waliouawa daktari wao wenyewe wa kusimama kando ya daktari wa Serikali wakati wa upasuaji wa maiti. Kampala nako kituo cha ACTV kilianza mwaka 1993, katika nchi ambayo watu wake walikuwa wamepitia mikono ya Amin na ya waliomfuata. Bungoma kuna Mwatikho, chama cha waathiriwa wenyewe. Mashirika haya yameishi kwa misaada ya wahisani, jambo ambalo ni heshima kwa wahisani na fedheha kwetu, maana aliyewaumiza watu hao alilipwa mshahara kutoka kodi zetu.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana Mlima Elgon mwaka 2008. Wanamgambo wa SLDF walikuwa wameua, kukata watu masikio na kuwafukuza wakulima mashambani. Hilo hatulisahau wala hatulifichi. Machi mwaka huo jeshi lilipelekwa kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Wanaume walizolewa vijiji kwa vijiji, wengi wakapelekwa kambi ya Kapkota, na waliotoka walisimulia vipigo vya kutisha. Serikali ilikana. Madaktari wa IMLU waliwapokea, wakawachunguza mmoja mmoja, wakaandika. Ripoti yao ilitoka mwaka huo huo, na tangu hapo kukana kukawa kugumu, kwa kuwa si rahisi kuuita mfupa uliovunjika uchochezi wa wanasiasa.

Kilichofuata kitawasikitisha wasomaji wanaoamini mahakama. IMLU iliipeleka Kenya mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, katika shauri namba 3 la 2010. Mwaka 2011 majaji wa ngazi ya kwanza walikubali kulisikiliza. Machi 2012 kitengo cha rufaa kililitupa nje, kwa hoja kwamba Mkataba wa Jumuiya unataka shauri lifikishwe ndani ya miezi miwili na muda huo ulikuwa umepita. Miezi miwili! Tunaiheshimu mahakama hiyo, na twajua kwamba majaji walisoma maneno kama yalivyoandikwa. Lakini mtu aliyevunjwa mbavu kambini, akakimbilia msituni, akaogopa hata kwenda zahanati kwa kuwa askari walikuwa njiani, anawezaje kupata daktari, ripoti, wakili na nauli ya Arusha katika siku 60? Walioandika kifungu hicho waliwafikiria wafanyabiashara. Walioteswa hawakuwamo mawazoni mwao.

Turudi sasa nyumbani, kwenye karatasi moja ambayo kila Mkenya aliyewahi kupigwa anaijua: fomu ya P3.

Ukishambuliwa na jirani yako, unaenda kituoni, unaandikisha ripoti, unapewa P3, daktari anaijaza, na kesi inaanza. Utaratibu huo una maana. Lakini aliyekushambulia akiwa ni polisi, unatakiwa urudi kwenye kaunta ile ile, pengine kwa afisa yule yule, umwombe karatasi ya kumshtaki yeye au rafiki yake. Miaka michache iliyopita tulimtetea fundi mmoja wa magari aliyezolewa katika msako wa usiku na kukaa selini siku mbili. Alipoachiliwa alirudi kituoni mara tatu kuomba fomu. Mara ya kwanza aliambiwa zimekwisha. Mara ya pili aliulizwa, "Umeumizwa na nani, na ulikuwa wapi?" Mara ya tatu alikwenda na sisi, akapewa. Siku 11 zilikuwa zimepita. Uvimbe ulikuwa umeshuka, michubuko imegeuka rangi, na daktari wa zamu aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni aliandika kwa mstari mmoja kwamba hakuona jeraha la maana. Kwa mstari huo kesi yetu ilianza kufa.

Baadaye tulimpeleka kwa daktari wa kujitegemea. Alikaa naye zaidi ya saa mbili. Alimpima mikono, akamwomba achuchumae na kuinuka, akachora umbo la mwili kwenye karatasi na kutia alama kila mahali palipouma, akauliza kuhusu chakula, usingizi, ndoto, na kama anaogopa mlango ukigongwa. Tulipotoka nje fundi yule alinyamaza hadi tukafika kituo cha matatu, ndipo aliposema, "Wakili, huyu ni mtu wa kwanza kuniuliza kama nalala." Ripoti ya daktari huyo ilikuwa na kurasa tisa. Hakuandika kwamba mteja wetu aliteswa. Daktari mwaminifu haandiki asichokiona. Aliandika kwamba dalili alizozikuta zinalingana sana na maelezo yake, na akaeleza kwa nini.

Lugha hiyo ya "kulingana" ina chimbuko lake. Mwaka 1999 wataalamu wa tiba na sheria kutoka nchi nyingi waliukamilisha mwongozo unaoitwa Itifaki ya Istanbul, nao ukarekebishwa mwaka 2022. Unamfundisha daktari kupima uhusiano kati ya maelezo na kovu kwa ngazi: hailingani, inalingana, inalingana sana, ni ya kawaida kwa mateso ya namna hiyo, hadi ngazi ya juu ambapo alama haiwezi kuwa na chanzo kingine. Unamfundisha pia kwamba ngozi safi haithibitishi kwamba mtu hakuteswa, kwa kuwa watesaji wengi ni mafundi wa kutoacha alama. Mahakimu wetu wangesoma kurasa hizo chache, kesi nyingi zingekwenda njia nyingine.

Tusije tukadhaniwa kuwa tunawasifu madaktari wote. Turudi kwa Steve Biko. Dkt. Ivor Lang aliitwa kumwona, akatoa cheti kwamba hakukuta kasoro yoyote, ilhali mgonjwa alikuwa amejeruhiwa ubongo. Mkubwa wake, Dkt. Benjamin Tucker, alikubali asafirishwe hadi Pretoria, zaidi ya kilomita 1,000, akiwa uchi sakafuni mwa Land Rover. Biko akafa tarehe 12 Septemba 1977. Baraza la madaktari la nchi hiyo lilisema mwaka 1980 kwamba halikuona utovu wa nidhamu. Ndipo madaktari wachache, akiwemo Frances Ames, bingwa wa magonjwa ya neva, walipolishtaki baraza lao wenyewe mahakamani. Mwaka 1985 wakashinda. Tucker akafutwa katika orodha ya madaktari na Lang akakaripiwa. Katika mwaka huo huo, katika mji ule ule wa Port Elizabeth, daktari kijana aitwaye Wendy Orr, aliyekuwa akifanya kazi ya serikali chini ya Lang huyo huyo, alichoka kuona wafungwa wenye michubuko kila asubuhi. Alikusanya kumbukumbu zake akaenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kuwazuia polisi kupiga watu. Mahakama ikatoa amri hiyo mwezi wa Septemba. Yeye akaondolewa kazi ya magereza.

Ofisi moja, mwajiri mmoja, mikataba ile ile ya kazi. Azimio la Tokyo la mwaka 1975 lilikuwa limekwisha kuwaambia madaktari wa dunia nzima kwamba wasishiriki wala kufumbia macho mateso. Lang alifungwa na azimio hilo sawa na Orr. Tofauti ilikuwa moyo wa mtu, na hilo ndilo linalotutia hofu, kwa kuwa usalama wa raia hauwezi kuachwa utegemee bahati ya kumpata daktari jasiri zamu ya usiku. Dkt. Midia na wenzake walisema kweli mwaka 2025. Tunawashukuru. Lakini je, kamera zisingekuwapo, vijana wasingejaa barabarani, na marehemu angekuwa mchuuzi asiyejulikana kutoka kijiji cha mbali, taarifa ingetoka siku ya pili?

Sheria tunazo. Katiba ya 2010, ibara ya 25, imeuweka uhuru dhidi ya mateso miongoni mwa haki zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote. Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 imeweka adhabu ya hadi miaka 25 gerezani. Mwaka huo huo Bunge lilitunga sheria ya kuunda huduma ya taifa ya kuchunguza vifo, ili kifo cha selini kisichunguzwe na jirani wa seli. Ojwang alipokufa, miaka 8 baadaye, huduma hiyo ilikuwa bado haijaanza kazi. Tunauliza Bunge na Hazina: ilikosekana pesa, au ilikosekana nia?

Madai yetu ni machache na yanatekelezeka. Huduma hiyo ya kuchunguza vifo isimame, iwe na bajeti yake na wanapatholojia wake wasiopokea amri kutoka wizara inayosimamia polisi. Mtu anayedai kuteswa na afisa wa dola aruhusiwe kuchunguzwa kwa fomu ya Wizara ya Afya, hospitalini, bila kupitia kaunta ya kituo. Jambo hili si geni: kwa walionajisiwa tayari iko fomu ya PRC ambayo ni ya Wizara ya Afya. Ikiwa Serikali ilitambua kwamba mwathiriwa wa ubakaji ahudumiwe kwanza na daktari, kwa nini isitambue hivyo kwa mwathiriwa wa mateso? Na kaunti, ambazo tangu 2013 zina mamlaka juu ya hospitali, ziwe na angalau kliniki moja kila moja ambamo aliyeteswa atatibiwa mwili na nafsi kwa fedha za umma. Itifaki ya Istanbul ifundishwe katika vyuo vya udaktari na katika mafunzo ya mahakimu. Baraza la madaktari nalo liseme hadharani kwamba daktari atakayehamishwa au kutishwa kwa kuandika kweli halitamwacha peke yake.

Wakati tukiyapigania hayo, watu wanaendelea kukamatwa, na msomaji anaweza kuwa yeye au mwanawe. Basi yafuatayo ni ya kukumbukwa. Akiachiliwa, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo kabla ya kuoga na kubadili nguo. Nguo zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Amweleze daktari kila kitu, hata kile anachokionea haya, na aombe kiandikwe. Majeraha yapigwe picha siku hiyo, na tena siku ya tatu na ya saba, kwa kuwa michubuko mingine huchelewa kujitokeza. Nakala ya maandishi ya daktari ibaki nyumbani, na nyingine kwa wakili au kwa mzee mnayemwamini. Na kituoni wakisema P3 zimekwisha, msikae kwenye benchi kungoja. Nendeni kwa daktari kwanza. Fomu itajazwa baadaye kutokana na maandishi yake.